Nilivyoiosha sensa nikafuta miezi minane ya bahari

Kuna siku nilifanya usafi nikaharibu kazi ya miezi minane. Tulikuwa tumetoka kuvuta kamba yetu majini, ina sensa sita za joto na mbili za chumvi (sensa za kupimia, sio ile ya kuhesabu watu), ilikuwa imening'inia chini ya boya muda wote huo na ilivyotoka hata haitambuliki. Utando wa kijani unateleza kama kamasi, afu juu yake vile vidude vya gamba gumu vinavyojibandika kwenye boti na nguzo za gati, vimebanana mpaka mdomo wa sensa moja ya chumvi umebaki kitundu cha kupitisha njiti ya kiberiti. Mimi na roho yangu safi nikachukua brashi na ndoo ya maji baridi, nikasugua hadi ikang'aa kama imetoka kwenye boksi. Nikajiona bonge la mfanyakazi. Mkubwa wetu wa kazi akaja, akaigeuza geuza mkononi, akauliza kitu kimoja tu: "Uliipima kabla hujaiosha?"

Sikuipima.

Kwa ambao hamjawahi kushika hivi vitu, iko hivi. Sensa ikitoka baharini inatakiwa itumbukizwe kwanza na uchafu wake wote kwenye ndoo ya maji ambayo chumvi yake unaijua, pembeni unaweka kipimo kingine unachokiamini, unaandika namba. Afu ndo unaosha. Afu unapima tena kwenye maji yaleyale. Tofauti kati ya namba ya kwanza na ya pili ni ya uchafu, na tofauti inayobaki hata baada ya kuosha ni ya sensa yenyewe, imepoteza majira kama saa ya ukutani. Sasa kwenye data zetu chumvi ilianza kushuka kidogo kidogo kuanzia mwezi wa tano tangu tuishushe, ikaendelea kushuka mpaka siku ya kuitoa. Je, ni maji ya mvua na mito yaliingia pale, au ni vile vidude vilikuwa vinaziba tundu? Sensa ya aina ile inapitisha umeme kidogo kwenye maji yaliyo ndani ya kijibomba na kuangalia unapita vizuri kiasi gani, kwahiyo kijibomba kikijaa uchafu umeme unapita kwa shida na sensa inakwambia chumvi imepungua, inaongopa na haijui kama inaongopa. Jibu la swali letu lilikuwa limebandikwa palepale kwenye sensa na mimi nimelisugua nikalimwaga. Yani nilipiga deki kabla polisi hawajafika.

Toka siku ile kila nikiona picha ya watu wamejipanga kwenye meli wanashusha mtambo wa njano baharini huku wanapiga makofi, mimi naiona ile brashi. Kushusha ni kazi ya siku moja. Kazi yenyewe inaanza kesho yake, nayo ni kuhakikisha digrii 18.42 unayoiandika leo ina maana ileile ya digrii 18.42 atakayoiandika mtu mwingine miaka 20 ijayo, kwa sensa nyingine, betri nyingine, na wewe pengine umeshastaafu zamani. Ukishindwa hapo huna mtandao wa kuangalia bahari, una rundo la vipimo visivyosikilizana.

Kwanini kujisumbua hivyo? Kwasababu zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalobaki duniani kutokana na hewa ukaa na wenzake linaingia baharini. Ni joto jingi mno lakini limemwagwa kwenye maji mengi mno, kwahiyo huko chini kabisa kwenye vilindi mabadiliko yanahesabiwa kwa sehemu za mia za digrii kwa miaka kumi. Sasa sensa yako ikiteleza sehemu tano za mia ndani ya miaka mitano, na sensa za bei rahisi zinateleza kweli, basi hongera, umegundua bahari inapata joto na aliyeipasha ni wewe.

Na hili halijawakuta wazembe kama mimi peke yetu. Rekodi ya joto la uso wa bahari ina mporomoko mmoja maarufu mwaka 1945, namba zinashuka ghafla kama digrii 0.3 hivi dunia nzima, afu hewani juu ya nchi kavu huoni kitu kama hicho. Mwaka 2008 kundi la watafiti likaonyesha kwamba chanzo kikubwa ni ndoo. Ndiyo, ndoo. Zamani baharia alikuwa anatupa ndoo, anavuta maji, anachomeka kipimajoto, na ndoo ya turubai ikiwa inavutwa juu upepo unaipoza kwahiyo namba inatoka ya chini kidogo. Meli nyingine zilikuwa zinapima maji yanayoingizwa kupoza injini, na kule kwenye injini hakuna baridi, namba inatoka ya juu kidogo. Wakati wa vita kuu ya pili vipimo vingi vilikuwa vinatoka kwenye meli za Marekani zilizokuwa zinapima kwenye injini, vita ikaisha, meli za Uingereza na ndoo zao zikarudi kwa wingi, basi kwenye grafu bahari ya dunia nzima ikapoa ndani ya miezi michache. Bahari yenyewe wala haikuwa na habari.

Kisa cha pili nakipenda zaidi manake ni cha juzi juzi na waliokosea ni watu makini kuliko mimi mara mia. Mwaka 2006 ilitoka makala ya kisayansi inayoonyesha tabaka la juu la bahari limepoa kati ya 2003 na 2005, na unaweza kuwaza jinsi wapinzani wa habari za tabianchi walivyoidaka. Mwaka 2007 waandishi walewale wakarudi wakasahihisha wenyewe. Kumbe vyelezo fulani vya kupimia (mitambo inayozama na kupanda yenyewe baharini, nitaielezea hapo chini) vilikuwa na hitilafu iliyofanya joto liandikwe kwenye kina kisicho chake, afu vile vipimo vya zamani vya kutupa vilikuwa vinasoma joto kuliko ukweli. Kipimo cha kutupa ni kitu kama kikombora kidogo kinachodondoshwa kutoka kwenye meli kikiwa na uzi mwembamba wa shaba, kinazama huku kinatuma joto kupitia uzi mpaka uzi ukatike, na hakina sensa ya kina hata kidogo, kina kinapigwa hesabu kutokana na sekunde tangu kiguse maji, kwahiyo ukikosea kasi ya kuzama umekosea kina, na ukikosea kina umekosea joto. Sasa weka haya pamoja: kila mwaka vyelezo vipya vinaongezeka, vya kutupa vinapungua, basi hata ungetoa ile hitilafu ya kwanza wastani ungeshuka wenyewe tu kwasababu mchanganyiko wa vipimo umebadilika. Hili lilinikalia kichwani muda mrefu. Unaweza ukawa na vipimo ambavyo kila kimoja kivyake kinavumilika, na bado ukatoa jibu la uongo kwa kuvichanganya.

Hivyo vyelezo ni vya mradi wa Argo, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo kwasababu kwangu ni moja ya vitu vya akili zaidi ambavyo binadamu amewahi kuvitupa majini. Vilianza kumwagwa baharini mwanzoni kabisa mwa miaka ya 2000, Novemba 2007 vikafika 3,000, saivi viko kama 4,000 vimetapakaa bahari zote. Kimoja ni silinda ndefu kama mtu mfupi ukihesabu na antena, kilo 20 na kitu, hakina pangaboi wala usukani. Ndani kuna pampu na mafuta. Kikitaka kupanda kinasukuma mafuta kwenda kwenye mfuko wa mpira ulioko tumboni kwa nje, uzito uleule lakini mwili umevimba, basi kinaelea. Kikitaka kuzama kinayanyonya mafuta yarudi ndani. Ndo hivyo tu. Kinashuka mita 1,000, kinatulia huko kinabebwa na mkondo kama siku tisa, kinashuka tena mpaka mita 2,000, afu kinapanda taratibu huku kinapima joto, chumvi na presha njia nzima, kikifika juu kinatuma data kwa setilaiti na kuzama tena. Kila siku kumi. Miaka minne, mitano, mpaka betri iishe. Pale mita 2,000 presha ni kama kilo 200 kwenye kila sentimita moja ya mraba, na kuna aina mpya inayoenda mita 6,000, kwahiyo weka 600. Joto wanalipima kwa uhakika wa sehemu mbili za elfu za digrii. Na data ndani ya siku moja ziko wazi kwa yeyote, bure, wewe na mimi tunashusha zilezile anazoshusha profesa.

Lakini swali la mtu wa brashi ni hili: vile vingi vyao havirudi kabisa, hakuna wa kuvivua wala kuvitumbukiza kwenye ndoo, sasa wanajuaje kama havijapoteza majira?

Kwanza ujanja uko kwenye pale vinapotulia. Mita 1,000 ni giza na baridi, hakuna cha mwani wala vile vidude vyangu vya gamba, na juu kwenye mwanga vinakaa muda mfupi tu. Pili wanatumia bahari yenyewe kama ndoo. Maji ya kilindini yanabadilika polepole mno, na meli za utafiti zimeshapita maeneo mengi zikayapima kwa vifaa bora vilivyohakikiwa kabla na baada, kwahiyo chelezo kikianza kusema chumvi ya mita 1,900 imebadilika ndani ya miezi mitatu na majirani zake wote wanasema haijabadilika, basi tunamjua muongo ni nani. Kazi hiyo wanafanya watu, kwa macho yao, miezi mingi baada ya data kufika. Ndo maana data ya Argo ina maisha mawili, ya haraka kwa watabiri wa hali ya hewa ambao wanataka namba ya leo leo, na ya polepole kwa watu wa tabianchi. Mtu akikwambia amejenga mtandao wa sensa na hana hilo fungu la pili, la watu wanaokaa kuhoji namba za mwaka jana, amejenga nusu. Mwaka 2009 walipogundua aina moja ya sensa za presha ilikuwa na kasoro toka kiwandani, mafuta yanavuja ndani kidogo kidogo na kina kinaanza kusomeka vibaya, walisimamisha kushusha vyelezo vipya mpaka wajue kinachoendelea. Kusimamisha! Kwenye miradi mingi niliyoiona mimi wangesema tushushe tu, tutarekebisha mbele ya safari.

Afu kuna suala la hela, na hapa nitalalamika.

Mwaka 1982 ulikuja El Niño mkubwa sana wa karne ile na karibu unafika kileleni ndo wanasayansi wanajua kama upo. Setilaiti zilikuwepo, lakini volkano ya El Chichón kule Mexico ililipuka mwaka huohuo na vumbi lake angani likazidanganya zikaona bahari ya baridi kuliko ilivyo. Aibu ile ndo ilizaa mtandao wa TAO, maboya kama 70 yaliyofungwa kwa nanga kukatisha Pasifiki kwenye ikweta, umbali wa robo ya dunia na zaidi, ukakamilika Desemba 1994. (Boya hapa ni boya, sio tusi.) Ulifanya kazi nzuri mno mpaka watu wakauzoea, na kitu kikishazoeleka hakina mtetezi. Mwaka 2012 bajeti ikakatwa na meli iliyokuwa inazunguka kubadilisha betri na sensa ikastaafishwa. Maboya hayafi siku moja, yananyamaza moja moja. Kufika 2014 data zilizokuwa zinarudi ni kama asilimia 40 tu ya zinazotakiwa. Angalia hapo: tatizo halikuwa maboya kung'olewa, waliiondoa meli. Mimi naamini kabisa mtandao wa bahari ni meli na watu wa meli, maboya ni mizigo yao tu, na ukiniletea pendekezo la mradi nitafungua kwanza ukurasa wa bajeti nione mwaka wa saba kuna nini. Mara nyingi hakuna hata mwaka wa nne. Hela ya kuzindua ipo siku zote kwasababu uzinduzi una picha, hela ya kwenda kubadilisha mnyororo uliolika haina picha.

Kuhusu vinavyoharibu, kila mtu anafikiria dhoruba, ila wenye mikono wanaharibu sana tu. Samaki wanapenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea, jodari hasa, wavuvi wanajua hilo kuliko profesa yeyote, kwahiyo wanakuja kuvua pale, wanafunga chombo kwenye boya, kamba zinakatika, betri na sola nazo zina soko lake. Siwalaumu sana. Umeenda kuweka kitu sehemu ya kazi ya mtu, hujamwambia ni nini na kinamsaidiaje, afu unashangaa. Kwenye bahari ya Hindi mtandao wa maboya wa RAMA ulioanza mwaka 2004 ulikwama upande wa magharibi kwasababu ya maharamia, meli haziwezi kwenda, basi kukawa na pengo kwenye ramani ambalo halihusiani na sayansi wala pesa. Na huko Ujerumani, mwaka 2019, kituo kizima cha kwenye sakafu ya bahari pale Boknis Eck kilitoweka, zaidi ya kilo 700, eneo ambalo vyombo vimekatazwa kupita. Data zilikata jioni moja, wakadhani ni hitilafu ya mawasiliano, wapiga mbizi wakashuka wakakuta kipande cha kebo kimechanika na hamna kitu. Pale watu walikuwa wanapima maji kila mwezi toka mwaka 1957. Ule mfululizo wa kwenda na chombo na kuchota maji kwa mkono ndio uliobaki umesimama, mtambo ndio ulioondoka.

Kebo nazo zina raha yake. Ukivuta umeme na intaneti mpaka sakafuni huna habari ya betri, na mlima wa Axial ulioko chini ya bahari magharibi mwa Marekani ulipolipuka Aprili 2015 watu walikuwa wanausikiliza moja kwa moja, matetemeko zaidi ya 8,000 kwa siku moja, sakafu ikashuka zaidi ya mita mbili. Lakini hata kule sensa za presha zinateleza sentimita kadhaa kwa mwaka, kwahiyo wanashusha roboti na kipimo kingine wakalinganishe. Uko wapi pa kukimbilia? Hakuna.

Sisi na kamba yetu ndogo hatuko kwenye ligi hiyo, ila matatizo ni yaleyale kwa saizi yetu. Mwaka wa kwanza bolti za chuma kisichoshika kutu tulizofunga kwenye fremu ya alumini ziliila ile fremu, metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi ni betri tayari, tulitoa fremu ina matundu unaweza kuivunja kwa mkono, bolti zenyewe zinang'aa. Mwaka wa pili ile pingu ya chuma inayounga mnyororo na nanga, pini yake ilijizungusha yenyewe mawimbi kwa mawimbi mpaka ikachomoka, kisa hatukuizungushia waya wa kuikaza, kipande cha waya urefu wa kiganja. Boya likaenda zake. Tulilipata kwa bahati.

Saivi tuna utaratibu. Sensa ikitoka inapigwa picha, inafungwa kwenye mfuko na maji yaleyale ya bahari isikauke, nje ya mfuko kuna karatasi imeandikwa USIOSHE kwa herufi za kalamu nene, mwandiko ni wangu. Inaingia ndoo ya kwanza na uchafu wake, inapimwa, ndo inakutana na brashi. Tukibadilisha sensa, ya zamani na mpya zinakaa pamoja majini mwezi mzima kabla ya zamani kutoka, inaongeza safari moja na kila mwaka kuna mtu anauliza kama hiyo safari ni lazima. Saa zote tunaziweka kwenye muda wa dunia na kuandika zimechelewa sekunde ngapi siku ya kutoa. Na pete za shaba kuzunguka mdomo wa sensa ya chumvi, vidude havipendi shaba, hazizuii kabisa ila zinanunua miezi miwili mitatu.

Ile miezi minane hatukuifuta. Kwenye faili kila kipimo kina alama pembeni, tunafuata namba zilezile za Argo, 1 ni nzuri, 2 labda nzuri, 3 labda mbovu, 4 mbovu. Chumvi ya mwanzo ina 1, inaendelea hivyo mpaka katikati, afu zinaanza 3, safu ndefu ya 3 mpaka mwisho. Juzi kuna mwanafunzi mgeni alishusha data akaniandikia kuuliza kama zile za mwisho anaweza kuzisahihisha kwa njia fulani, ana programu nzuri. Nikamjibu hapana, afu nikakaa na simu mkononi nikifikiria nimwambie sababu au niache.